Jenotaipu 4 sio steji ya nne, jamani

Naandika hii kwa sababu nimechoka kuieleza kwenye simu. Ndugu wa Hombolo, wa Mvumi, hadi shemeji yetu wa Singida, kila mmoja ameshapiga kuuliza, eti bamdogo wako ana kansa steji ya nne? Hana kansa, na hajawahi kuwa nayo. Alikuwa na homa ya ini C, na hiyo nne mnayoisikia ni aina ya kirusi, basi.

Ilivyokuwa ni hivi. Majibu yalitokea kwenye kliniki moja hapa mjini, jina nalihifadhi, dada wa mapokezi akampa mzee karatasi imekunjwa akamwambia daktari hayupo mpaka Jumatatu. Hiyo ni Ijumaa jioni. Karatasi imejaa Kiingereza, alafu pale chini mtu ameandika 4 kwa peni ya bluu na kuizungushia duara mara mbili, kama mwalimu anavyoonyesha umefeli. Sasa bamdogo kamzika jirani yake kwa kansa, na neno alilolisikia msibani ni hilo hilo, "ilikuwa imeshafika nne". Alivyofika nyumbani akaanza kugawa mali. Sitanii. Alimwita mwanae mkubwa wakaenda shamba, akamwonyesha mistari ya zabibu ipi ya nani, akamtajia na wanaodaiwa hela ya mchuzi (kwa mliopo mbali na Dodoma, mchuzi wa zabibu ni ile juisi inayokamuliwa kwenda kwenye mvinyo, sio wa kulia wali). Mamdogo ndo akanipigia analia, nikamwambia hebu nipigie picha hiyo karatasi nitumie wasap.

Kirusi cha homa ya ini C kina aina nane kubwa, watu wa maabara wanaziita jenotaipu, na zimepewa namba ili zitofautishwe tu. Ya nne haimaanishi mbaya kuliko ya kwanza, wala haimaanishi umechelewa. Ya nane ilitambuliwa 2018 kwa wagonjwa wenye asili ya Punjab, India, na hakuna aliyesema wale wana ugonjwa mkubwa mara nane. Ini limeharibika kiasi gani ni kipimo kingine kabisa, utrasaundi, damu, na kuna hesabu wanapiga kutokana na chembe sahani, zile za kugandisha damu, na kimeng'enya kimoja cha ini, hiyo ndo inakuambia kama ini limeshaanza kuwa na makovu au limesinyaa.

Ukisoma huko mtandaoni utakuta hii ya nne inaitwa "isiyo ya kawaida". Kidunia ni kweli, inayoongoza ni ya kwanza, inafuata ya tatu, ya nne iko chini ya moja ya kumi ya wagonjwa wote. Lakini isiyo ya kawaida kwa nani? Nenda Misri, nenda Kamerun, Gaboni, Kongo, Rwanda hapo jirani, huko ya nne ndo mwenye nyumba. Hata Dar walipopima watu wanaojidunga dawa za kulevya walikuta ya kwanza na ya nne. Yaani ni adimu kwa mtu aliyekaa Marekani, kwa sisi wa ukanda huu ni ya kwetu. Na hili linagusa dawa moja kwa moja, maana dawa zinajaribiwa kwanza kwa wagonjwa waliopo pale pesa ilipo, kwahiyo miaka mingi wenye aina ya kwanza walikuwa wanapata majibu na wa nne wanaambiwa subirini.

Misri yenyewe ina historia ya kusikitisha kidogo. Kuanzia miaka ya hamsini mpaka ya themanini serikali yao ilikuwa inatibu kichocho kwa sindano za mshipani, dawa yenye madini ya antimoni, mtu mmoja anachomwa mara nyingi, na sindano zenyewe ni zile za kioo zinazochemshwa na kurudiwa. Nia ilikuwa njema kabisa. Kichocho kilipungua ila homa ya ini C ikatembea kijiji kwa kijiji, na hakuna aliyejua maana kirusi chenyewe kilikuja kutambuliwa 1989. Watoto wetu saivi shuleni wanapimwa urefu kwa ule mti wenye alama ili dozi ijulikane, alafu wanapewa vidonge vya kichocho vya kumeza, prazikwanteli, wanalalamika vichungu na vikubwa. Walalamike tu.

Bamdogo naye hana uhakika alipatia wapi. Akiwa kijana alipata ajali ya lori la mahindi njia ya Kibaigwa akaongezewa damu, miaka hiyo ya themanini, na mimi nadhani ni pale, ingawa siwezi kuapa. Kama ni pale basi hakuna wa kumlaumu, huwezi kupima kirusi ambacho hakijajulikana. Alikaa nacho miaka yote hiyo analima, anacheza bao, hana dalili. Kikaja kuonekana alipoenda kumchangia damu mama mkwe wake, maana damu ya kuchangia inapimwa Ukimwi, kaswende, homa ya ini B na C. Kipimo cha kwanza kile ni cha kingamwili, kinasema tu umewahi kukutana na kirusi. Kati ya watu 100 wanaoambukizwa, kama 30 hivi mwili wenyewe unakitoa ndani ya miezi sita bila dawa, kwahiyo lazima kifuate kipimo cha kirusi chenyewe, RNA, wanakuambia na wingi wake. Mashine ya GeneXpert, ile ile ya TB, inaweza kukipima ikiwekewa katriji yake. Bamdogo alikuwa nacho, tena kingi.

Haya, dawa.

Zamani, na zamani yenyewe sio mbali, mwenye aina ya nne alikuwa anapewa intaferoni ya sindano kila wiki pamoja na vidonge vya ribavirini, kwa wiki 48. Wa aina ya pili na ya tatu walimaliza na wiki 24, wa kwanza na wa nne ndo walikula mwaka mzima. Na ni mwaka wa homa, baridi, nywele zinapukutika, damu inashuka, wengine wanapata sonona mpaka wanafikiria kujidhuru. Baada ya mateso yote hayo kupona ni kama kurusha shilingi. Nashukuru Mungu bamdogo hakugundulika enzi hizo, maana namjua, angeacha wiki ya tatu.

Kilichobadilisha mambo ni dawa zinazopiga kirusi chenyewe badala ya kuuamsha mwili upigane. Na hapa ndo watu wananiuliza, kwanini mchanganyiko, kwanini isiwe kidonge kimoja cha kitu kimoja? Mimi nina stesheneri yangu kule karibu na Chuo Kikuu cha Dodoma, UDOM, kwahiyo naelezea kwa mashine yangu. Kirusi kikiingia kwenye seli ya ini kinafanya kazi moja tu, kutoa kopi zake. Kinatoa mkanda mmoja mrefu wa protini, kuna mkasi wa kuukata vipande, huo mkasi ni protiesi. Kuna kichwa cha kuchapa, polimeresi. Na kuna kitu kinaitwa NS5A ambacho kazi yake ni kupanga na kuunganisha kila kitu kikae mahali pake. Ukizuia mkasi peke yake, katika mamilioni ya kopi zinazotoka kwa siku kuna chache zitatoka na makosa, na baadhi ya hayo makosa yanazifanya zisisikie dawa yako, hizo ndo zitabaki na kuzaana. Ukizuia mkasi na kichwa cha kuchapa kwa pamoja, au kichwa na mpangaji, kopi moja kukosea sehemu zote mbili kwa wakati mmoja alafu bado iwe hai ni kazi ngumu sana. Ndo maana ya mchanganyiko.

Kwa aina ya nne hasa, Julai 2015 mamlaka ya dawa ya Marekani ilipitisha mseto unaitwa Technivie, ambao ulitengenezewa hii hii nne. Ndani yake kuna ombitasviri inayompiga mpangaji, paritapreviri inayopiga mkasi, na ritonaviri. Hiyo ritonaviri wengi mnaijua kwenye dawa za Ukimwi, ila hapa haimgusi kirusi cha C kabisa, kazi yake ni kulizuia ini lisiivunje paritapreviri haraka ili mtu ameze mara moja kwa siku. Juu yake unaongeza ribavirini, kwa uzito wa mtu. Wiki 12, hakuna sindano. Kwenye utafiti wao walichukua wagonjwa 135 wa aina ya nne ambao ini halijasinyaa, waliopewa pamoja na ribavirini wakapona wote, asilimia 100, hadi wale ambao intaferoni iliwashinda huko nyuma, na waliopewa bila ribavirini wakapona 40 kati ya 44. Mimi hiyo nilivyoisoma nilirudia mara mbili. Kutoka kurusha shilingi mpaka wote wanapona!

Ila ilikuwa na masharti yake. Ribavirini inashusha damu, na ni hatari kwa mimba, hata kama anayemeza ni mwanaume mke wake hatakiwi kushika mimba mpaka miezi sita ipite baada ya dozi. Na ile paritapreviri haitakiwi kwa mtu ambaye ini limeshashindwa kazi, amejaa maji tumboni, macho ya njano, mwaka huo huo 2015 Oktoba ilitolewa tahadhari kwamba kuna waliozidiwa. Hili ni la kukumbuka hata leo kwa dawa zote zenye jina linaloishia na "previri", mgonjwa mwenye maji tumboni sio zake. Technivie kwa sasa ni historia, kampuni iliiondoa sokoni huko Marekani kwa sababu vimekuja vidonge visivyochagua aina.

Vidonge hivyo ndo alivyotumia bamdogo. Sofosbuviri miligramu 400 na velpatasviri 100, kwenye kidonge kimoja, kimoja kwa siku, wiki 12. Sofosbuviri inapiga kichwa cha kuchapa, velpatasviri mpangaji. Kuna na mwenzake, sofosbuviri na daklatasviri, na kuna glekapreviri na pibrentasviri ambayo wengi wanamaliza kwa wiki 8. Shirika la Afya Duniani tangu 2018 linasema hizi unaweza kumpa mtu mzima bila hata kupima ana jenotaipu gani. Kwahiyo ile karatasi iliyomfanya mzee agawe shamba, kusema ukweli, hata haikuhitajika sana, na hela yake ililipwa.

Nasema sana, sio kabisa, kwa sababu ya Rwanda. Wao walitibu watu 300 kwa mchanganyiko mwingine, sofosbuviri na ledipasviri, karibu wote aina ya nne, wakapona 87 kwa 100, ambayo ni nzuri. Ila walipochambua matawi ya ndani ya hiyo nne, maana ina matawi mengi yanaitwa kwa herufi, wenye tawi la 4r walipona zaidi kidogo ya nusu tu, wakati wengine walivuka 90. Tawi hilo kwa asili yake lina ubishi kwa dawa zinazompiga mpangaji. Walioshindikana walikuja kupewa dawa tatu kwa mpigo, ya tatu ikiwa ya kupiga mkasi, na karibu wote wakapona. Sasa ukienda kusoma tafiti za Ulaya 4r haina habari huko, ni mambo ya huku huku kwetu Afrika, na ndo maana nakasirika nikisikia "aina adimu".

Bei nayo niiseme maana kila mtu anaiogopa. Sofosbuviri ilivyotoka Marekani Desemba 2013 ilikuwa dola 84,000 kwa wiki 12, kidonge kimoja dola elfu moja. Misri wakabanana na kampuni mwaka uliofuata wakapewa kwa dola 900, baadae wakaanza kutengeneza kwao ikashuka chini ya hapo sana, na ndo wakapata ubavu wa kupima wananchi mamilioni kwa mamilioni 2018 na 2019. Oktoba 2023 Shirika la Afya likawatambua kuwa wako karibu kabisa kuufuta ugonjwa. Bamdogo alipata ya kopi halali, alisubiri msimu wa zabibu wa Machi akauza ndo tukanunua kwa cheti cha daktari, famasi inayoeleweka. Sio bei ya panadol, ila ng'ombe hakuuzwa.

Nirudi kwa yule daktari, maana Jumatatu mzee alimkuta na daktari akamsaidia kweli, tofauti na mapokezi yake. Alimwamkia kwa Kigogo, mbukwenyi, mzee akalegea. Alafu kabla hata ya kuandika dawa akamuuliza maswali ambayo mimi nikiwa nimekaa pembeni niliyanakili kwenye simu. Umepima homa ya ini B? Kwa sababu hizi dawa zikimfukuza C, B aliyekuwa kajificha anaweza kuamka akala ini kwa hasira, onyo hilo liko tangu 2016, na kwetu huku B ni nyingi kuliko C. Unatumia dawa za TB? Rifampisini inaichoma hii dozi, haifiki kwenye damu inavyotakiwa. Unatumia ARV? Kama kuna efavirenzi ndani, velpatasviri inashuka, dolutegraviri haina shida. Dawa ya mapigo ya moyo inaitwa amiodaroni? Hiyo na sofosbuviri moyo unaweza kwenda taratibu mpaka mtu azimie. Mitishamba? Hapo mzee akakohoa.

Alafu likaja la vidonda vya tumbo, ambalo ndo lilimkamata. Bamdogo na omeprazo ni ndugu, na mfukoni ana magnesiamu za kutafuna kama pipi, akila tu maharage anatafuna. Velpatasviri inahitaji asidi ya tumbo ili iyeyuke. Ukiizima asidi kidonge kinapita hivi hivi, umemeza dozi ghali imeishia chooni. Daktari akamwambia omeprazo tunaisimamisha, magnesiamu ikibidi basi ipishane na kidonge masaa manne. Mzee akauliza, "Sasa dokta, na kiungulia changu?" Akajibiwa apunguze chai ya rangi usiku na asilale tu akishamaliza kula. Hakufurahi.

Dozi yenyewe, tofauti na watu wanavyodhani, haikuwa na vituko. Kopo la vidonge 28, makopo matatu. Alikuwa anameza saa mbili usiku baada ya ugali wa uwele na mlenda, kopo linakaa kwenye kabati la vyombo nyuma ya sukari, na mamdogo alichora kalenda ya duka la pembejeo, kila kidonge msalaba. Siku za mwanzo kichwa kiliuma na alichoka, baadae ikaisha. Kuna usiku alilala msibani Chamwino kidonge kimebaki nyumbani, akapiga simu kama mtu aliyeibiwa, kijana akapanda bodaboda kumpelekea. Hapo nikajua huyu atamaliza.

Pombe aliacha. Kwa mkulima wa zabibu hiyo ni habari, wenzake walimcheka, akawaambia ini lake limeshafanya kazi ya kutosha.

Sasa kupona kunapimwaje. Sio siku unamaliza kidonge cha mwisho. Unakaa wiki 12 bila dawa, alafu unapima tena RNA, isipoonekana hapo umepona. Yake haikuonekana. Ila kile kipimo cha haraka cha kingamwili kitaendelea kusoma chanya labda maisha yake yote, na hili limeshaleta ugomvi, maana mtoto wa dada yake aliyesomea maabara Mpwapwa alimpima kienyeji akamwambia "bado unao mjomba". Hana. Kingamwili ni kumbukumbu ya mwili, kirusi kinatafutwa kwa RNA. Tumemwambia atembee na nakala ya majibu, nimeilaminetia mwenyewe. Kuchangia damu ndo basi tena. Na kupona huku sio chanjo, C haina chanjo, akichangia wembe na mtu mwenye nacho anaweza kukipata upya. Kwa kuwa ini lake lilishakuwa na makovu, ataendelea na utrasaundi kila miezi sita, hata kama kirusi hakipo, kuangalia uvimbe.

Mlioniuliza kama mlipata kwa kula naye sahani moja, hapana. Kikombe, kijiko, kukumbatiana, jasho, hapana. Ni damu kwa damu: wembe, sindano, chale za mganga mwenye kiwembe kimoja kwa ukoo mzima. Mama mjamzito anaweza kumpa mtoto ila sio mara nyingi, na kwa tendo la ndoa ni nadra. Mamdogo amepima, hana. Watoto watatu wamepima, hawana. Amebaki yule wa mwisho aliyeko machimboni Geita, anasema yeye ni mzima na hana muda, nimemwachia bamdogo ampigie maana mimi simu zangu hapokei.